Hodi Chini ya Gari

Bibi yake mke wangu alikuwa hajawahi kukanyaga nyumba yetu ya Pangani, Kibaha. Tulishahamia, migomba ikashika, mtoto akaanza kutambaa, na bado kila nikienda kwake Msimbu, Kisarawe, kumchukua alinipa mihogo na kukataa kupanda gari. Mke wangu alilelewa na bibi huyo. Aliniambia waziwazi kwamba bila bibi kuingia, kwake ile nyumba ilikuwa kama ya kupanga. Yaliniuma, maana matofali yake niliyafyatua kwa mikono yangu.

Tatizo lilikuwa mlio. Nikikata kona kuingia uani kwa bibi, kitu kiligonga chini: ngo, ngo, ngo. Mimi, mtu wa kaskazini nisiyetaka gari langu lisemwe, nilidai ni mizigo kwenye buti. Bibi akaenda kufungua buti. Tupu.

"Shikamoo, bibi," nikasema, kubadilisha mada.

"Marahaba, mume wangu. Gari lako linapiga hodi, nawe huitikii. Hodi tatu kimya, mgeni huondoka zake. Hilo gurudumu likiondoka, utalikimbilia?"

Uani wote ukaangua kicheko. Nilinuna njia nzima.

Fundi wangu wa Kibaha ana mdomo, lakini mikono pia anayo. Nilipomsimulia hodi za bibi, alipandisha gari kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Mimi nilikuwa nimeshaihukumu shokapu, kama tunavyofanya wote. Fundi akasema shokapu haina kesi. Akakunja ngumi, akaiweka kwenye kiganja cha pili, akaizungusha.

"Hii ndiyo boljointi, nyonga ya gari. Gololi ya chuma ndani ya kikombe, na grisi. Gurudumu linapanda, linashuka, linageuka ukikata usukani. Mpira wa kufunika ukichanika, mchanga wa Kisarawe unaingia, unasaga. Bibi wa shemeji hajakosea, kaka. Ingechomoka, gurudumu lingelala."

Akaibadilisha, pamoja na bushi, yaani vile vipande vya mpira vinavyokaa kati ya mkono wa gurudumu na chasisi ili chuma kisigonge chuma. Kimya! Nikapita kila shimo la Pangani makusudi, nikicheka peke yangu.

Kabla sijaenda Msimbu, gari likaanza kulia kwa sauti nyingine, kwiii, kama mlango mkavu. Nikarudi gereji nimefura. Fundi akajilaza chini, akachungulia, akakuta bushi mpya imechanika. Kisha akaanza kujicheka mwenyewe. Alikuwa amekaza boliti gari likiwa bado linaning'inia kwenye jeki. Bushi haizunguki, akaeleza. Mpira wake umeshikana na chuma, hujisokota kidogo na kurudi. Ukikaza magurudumu yakining'inia, gari likishuka mpira unasokotwa hata kabla ya safari, na unakaa hivyo mpaka upasuke.

Hasira ikaniisha. Mtu anayejicheka utamgombezaje? Akafunga nyingine bila kuikaza, akalishusha gari juu ya mbao nene, akatuamuru mimi na muuza chipsi wa jirani tukae ndani kama abiria. Gari lilipotulia na uzito wake, ndipo akaingia uvunguni na spana.

Nilipofika Msimbu safari ile, bibi hakunipa mihogo kwanza. Alinizungusha uani nikiwa ndani ya gari, kulia, kushoto, yeye amesimama ameinamisha kichwa, anasikiliza. Watu wakasubiri mzaha. Bibi akafungua mlango wa mbele, akaketi, akaniuliza nilikuwa nasubiri nini.

Nilijiandaa kusifiwa. Kila tuta nilimtupia jicho, nikingoja neno. Sikulipata: kabla hatujafika lami, bibi alikuwa amelala fofofo, kichwa kimeegemea dirisha, anakoroma.

Nilizima injini mbele ya nyumba, nikabaki nimekaa. Mke wangu akatoka mbio na mtoto kiunoni, akachungulia dirishani, akaziba mdomo kwa kanga, machozi yakimtoka. Hatukumwamsha.