Vifuniko vya Concepta

Kwa miaka arobaini na moja Malachy Tuohy alitengeneza viatu vya mji wetu, na miaka yote hiyo mkewe Concepta aliketi nyuma ya kaunta juu ya kigoda kifupi, maana mgongo wake haukukubali kiti, akichora kwa penseli ndani ya vifuniko vya maboksi ya viatu. Alichora alichokiona kutoka pale chini. Hakuna aliyemuuliza. Mimi, ambaye duka langu la mkate liko mlango wa pili, nilidhani anaandika barua.

Alifariki Februari. Baridi ilikuwa kali, na Malachy, aliyezoea kuwasha jiko la mboji, ule udongo mkavu unaochomwa kama kuni, kwa maboksi makuukuu, aliendelea na mazoea yake. Kila asubuhi alivunja kifuniko kimoja au viwili, akachomeka chini ya mboji. Hakutazama ndani.

Mei alikuja Dervla Quirke, mwalimu wa uchoraji, kumwomba dirisha. Kila kiangazi tunatundika picha kwenye madirisha ya maduka, kuanzia darajani hadi kanisani, na watu huzunguka na ramani mkononi bila kulipa chochote. Dervla aliangusha kalamu, akainama kuiokota, akaona vifuniko.

"Mzee Malachy, hivi vya nini?"

"Vya kuwashia moto."

Aligeuza kimoja. Akakaa sakafuni na sketi yake nzuri.

"Vilikuwa vingapi?"

Vilikuwa vimebaki kumi na kimoja.

Tangu siku ile alitembea kama mtu aliyemgonga mwenzake barabarani. Alikubali vitundikwe, akakataa, akakubali tena. "Wakiniuliza vingine viko wapi, nitasema nini?" aliniambia kutoka upande wa pili wa ukuta wa uani. "Niseme niliota moto kwa kazi ya mikono yake Machi nzima?"

Maonyesho ya picha yalifunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Julai. Malachy alitoka na tai nyeusi, na Fonsie wa bucha akampigia kelele kutoka ng'ambo: "Kumbe msanii! Nani kafa?"

"Unamjua vizuri aliyekufa, mpumbavu wewe," akajibu Malachy.

Siku hiyohiyo tulikuwa tunamzika Packie Gaffney, aliyetuletea barua maisha yake yote. Na hapa kwetu jeneza likipita, kila duka hufunga mlango na kushusha pazia, hata kama dunia nzima imekuja kutazama madirisha. Saa tano wageni walisimama na ramani zao, wakishangaa mji unavyofumba macho, duka baada ya duka, kutoka darajani kuja juu.

Nilishusha pazia langu, nikaingia kwa Malachy ili asiwe peke yake.

Ndani mwanga ulikuwa kama chai nyepesi. Vifuniko vilining'inia dirishani kwa uzi. Vilikuwa na miguu tu, kuanzia magotini kwenda chini: mtoto ambaye miguu yake haikufika sakafuni, mwanamke aliyeficha soksi iliyochanika nyuma ya mguu wa pili. Halafu nikaona viatu viwili vyeupe kwa unga, cha kushoto kimepumzika juu ya cha kulia. Mama yangu alisimama hivyo akingoja mkate uumuke. Ana miaka kumi na tisa kaburini.

"Ni mama," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana sikutaka uje."

Concepta, mwanamke tuliyekuwa tukimpita bila kumsalimia vizuri, alikuwa ametuona hivyo, sote, kutoka chini.

Nje tulisikia hatua za waombolezaji. Malachy alikuwa ameshika kamba ya pazia, nami nikaona kwamba anafikiria kutolipandisha tena, leo wala kesho. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kifuniko cha mwisho: buti za Packie, kisigino kimoja kimeinuka, tayari kuondoka.

"Nilizibadilisha soli mara tisa," alisema.

Akavuta kamba. Jeneza likiwa mlangoni kabisa, pazia likapanda. Sijawahi kuona jambo hilo likifanyika, wala sikuwahi kusikia.

Mjane wa Packie, Una, alisimama. Nyuma yake barabara nzima ikasimama. Alikuja hadi kwenye kioo cha dirisha, akaweka kiganja.

"Hivyo ndivyo alivyosimama," alisema. "Hakuwahi kutua mtu yule." Kisha akamtazama Malachy, aliyekuwa ametoka mlangoni. "Kila nikiingia Concepta alikuwa na penseli. Vingine viko wapi?"

"Nilivichoma jikoni, Una. Sikuvitazama."



"Ningekukasirikia," Una alisema, "ila leo sina nafasi. Baadaye uje nyumbani, kuna chai na sandwichi. Utuambie."

"Nawaambia sikuviona."

"Viatu uliviona. Vya kila mtu hapa. Anzia hapo."

Malachy alirudi ndani, akafunga kamba kwenye msumari kwa fundo la fundi viatu ili pazia lisishuke. Kisha akaingia kwenye mstari, nyuma ya jeneza, akitazama chini, miguu yetu.