Kigoda cha Mzee Matiasi

Jamani, kuna watu hujitia kitanzini kwa heshima tu! Mwalimu Frednand wa Nyakisasa ni mmoja wao. Siku ya kuondoa matanga ya baba yake, Mzee Matiasi, kaka zake walikuwa Mwanza na Kahama, wakatuma salamu basi. Baba yake mdogo, Kazimili, akaweka kigoda cha marehemu kando ya migomba, akamwambia, "Keti hapa, mwanangu."

Si angeuliza kwanza? Hakuuliza. Aliona aibu kumkatalia mzee mbele za watu, akaketi. Vigelegele vikapigwa, mama yake, Eustakia, akatokwa na machozi ya furaha. Hapo ndipo akili ilipomrudia Frednand: anayeketi kwenye kigoda cha marehemu ndiye mrithi na mwenye mji, na mwenye mji hahami akayaacha makaburi.

Na mkewe Priscila anafundisha Biharamulo, na mtoto wao anamjua baba kwa sauti ya simu.

Bahati ikaja. Mwalimu mmoja wa huko Biharamulo alitaka wabadilishane vituo vya kazi. "Nijibu leo," alisema, "kuna mwingine ananing'ang'ania." Asubuhi hiyo Frednand akamweleza mama. Mama hakugomba, afadhali angegomba! Alisema tu, "Nenda, mwanangu. Baba yako nitamwambia umemwachia nyasi kaburini."

Akaenda kazini na mzigo huo kifuani. Somo la Kiingereza la Kidato cha Pili lilikuwa tofauti ya "stay" na "remain".

"Yote mawili mtu haondoki," akawaeleza wanafunzi. "Lakini 'stay' mara nyingi ina hiari ndani yake: ungeweza kwenda, ila umependa kukaa. 'Remain' ni kubaki. Wenzako wameshaondoka, wewe ndiye uliyesalia." Akawapa zoezi la kutunga sentensi, akatoka nje kupiga simu.

"Vipi, mwalimu, unakuja?" akauliza yule wa Biharamulo.

Frednand alitaka kusema ndiyo. Mungu anajua alivyotaka!

"Mpe huyo mwingine," akasema.

Kisha akampigia Priscila, akamwambia.

"Sawa, mume wangu," akasema Priscila. "Mtoto nimwambieje?"

Frednand akakata simu. Akarudi darasani macho mekundu, akasingizia vumbi.

Kaneza, binti wa dawati la mbele, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumaliza. Ametunga sentensi kwamba mwalimu wetu anakaa Nyakisasa na mama yake, na hapo kwenye kukaa ameweka "stays". Frednand akaitazama weee, akalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "remains".

Kaneza akakunja uso. "Mwalimu, mbona umenikosesha? Si umesema 'stay' ni ya mtu aliyependa mwenyewe?"

"Ndivyo nilivyosema," akajibu Frednand, akamrudishia daftari lake.