Kihenge cha Mzee Luhende

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na ningekuwa na uwezo ningeisahau. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Mwamkulu, masika yameshika na mbuga yote imejaa maji. Nilirudi kutoka kupandikiza mpunga, matope yamenifika mapajani, nikakuta kihenge changu cha kuhifadhia mpunga kimetobolewa ubavuni kwa jembe. Hasira ilinipanda. Ngoja nikueleze kihenge chenyewe kilikuwa cha nini, maana nimesikia na wewe umechukua mkopo wa pikipiki, na umeapa mbele za watu kwamba utaumaliza kabla ya muda. Kukopa hakunitishi. Kilichonifanya nikuite ni hicho kiapo.

Sisi tulihamia huku na ng'ombe kutoka Shinyanga. Watu husema tulifuata malisho, na ni kweli, lakini baba yangu alikuwa anakimbia madeni pia. Nyumbani hatukulitaja hilo. Wenzetu tuliohama nao walilijua, na mtu akishalewa kidogo alinikumbusha. Mtoto wa mkopaji, waliniita, halafu wanacheka, halafu wananipa pombe ninywe. Ng'ombe wakaisha kwa magonjwa, baba akafariki, nikabaki na mke, mtoto mmoja na jembe la mkono.

Akanionea huruma Mzee Luhende wa Kakese, Msukuma mwenzetu aliyekuwa na zizi kubwa. Alinipa maksai wawili na plau, tukakubaliana bei, akaniambia nilipe kwa mavuno mawili. Mavuno mawili, mwanangu, shika hapo. Hakuna aliyenikaba shingo. Lakini siku hiyo palikuwa na wazee wamekaa kwake wanakunywa, na mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba Luhende amewaaga ng'ombe wake. Nikasimama katikati yao nikasema, "Mzee, mimi si baba yangu. Kabla masika ya mwakani hayajaisha, hela yako yote utakuwa nayo."

Mzee Luhende akanitazama. "Sijakuuliza hilo, kijana," akasema.

Ningekuwa na akili ningeyaokota maneno yale nikarudi nayo nyumbani. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Siku hizi nyie mnafundishwa kuweka malengo, mnakalishwa kwenye semina na soda mnapewa. Mimi hakunifundisha mtu, ila malengo nilikuwa nayo, tena makali. Maksai walinilimia vizuri na mpunga ulikubali. Wenzangu waliuza mara tu baada ya kuvuna, wakati bei iko chini, kila mtu anauza na walanguzi wanachagua. Mimi nikasema nitangoja. Ikifika masika, mpunga ukiadimika, bei inapanda, na kiasi kile kile ambacho Juni kisingefika hata nusu ya deni kitalimaliza lote. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, na hadi leo sijaona kosa lake.

Nikajenga vihenge viwili. Kikubwa nilikijaza mpunga wa deni, nikakiziba mdomo kwa udongo na samadi, nikakiita Kihenge cha Mzee Luhende. Kidogo kilikuwa cha chakula, na mbegu nikaiweka kwenye gunia ndani. Nikamwita mke wangu Minza nikamwonyesha mpango wangu kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. Akavitazama vihenge, akauliza, "Na ugonjwa umeuweka wapi?" Nikamjibu kwamba hatuna mgonjwa.

Basi tukaanza kuishi kwa mpango. Sukari ikaondoka, sabuni ikaondoka, mafuta ya taa yakaondoka tukawa tunalala mapema kama kuku. Mayai ambayo Minza alikuwa akiuza apate chumvi, nayo nikayaingiza kwenye deni, nikawa nayabeba mwenyewe kwenda sokoni ili asije akapunguza. Unaona ubaya wa kupanga peke yako? Unakuwa askari ndani ya nyumba yako mwenyewe, na unajiona mwema. Watu walinisifu. Kanisani mtu alisimama akasema vijana waige mfano wangu, na mimi nikainamisha kichwa eti naona haya, kumbe moyoni nacheka.

Mtoto wetu Kabula alikuwa na miaka kama minne. Alikuwa na maneno mengi kuliko bibi kizee. Alisimulia ndoto zake, aligombana na mbuzi, na nikirudi shambani nikimwita kutoka mbali aliitikia akiwa ameshaanza kukimbia. Huyo ndiye aliyeshikwa na homa.

Nilimnunulia vidonge vya rejareja dukani. Homa haikushuka. Akaanza kutapika, akawa hataki mwanga, na shingo ikakakamaa akawa analia ukimgeuza. Minza akaniambia, "Baba Kabula, fungua kihenge tuuze gunia moja, tumpeleke Mpanda hospitali."

"Kile si chetu," nikamwambia. "Ule mpunga ni wa Mzee Luhende."

"Na mtoto ni wa nani?"

Nikatoka nikaenda shambani. Ndiyo, nilienda shambani. Huko nikipandikiza nilikuwa napiga hesabu: bei bado haijafika juu, nikiuza gunia sasa nitapata hasara, deni halitatimia, na wale wazee watacheka tena. Dawa ya deni kulipa, nikajiambia, nikalirudia neno hilo hadi likawa kama sala. Wala halikunijia wazo dogo tu la kwenda Kakese, nikamwambia mzee wa watu kwamba nimeuguliwa, anisogezee muda. Nasema uongo, wazo lilinijia. Nikalifukuza, kwa sababu niliona aibu.

Sasa ndiyo nikarudi jioni ile nikakuta kihenge kimetobolewa na nyumba haina mtu. Watoto wa jirani wakaniambia mama Kabula ametoboa mwenyewe, amemuuzia baba yao gunia, na baba yao huyo huyo amewapakia kwenye baiskeli wamekwenda mjini. Nikatoka vile vile na matope yangu. Njia ilikuwa maji matupu, sehemu nyingine hadi magotini, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mke wangu kwa kuvunja kitu cha watu.

Niliwakuta wodini. Kabula amelala, dripu mkononi, macho yamefumba. Minza amekaa sakafuni, kichwa amekilaza pembeni ya godoro. Mwanangu, mimi baba wa mtoto yule sikuuliza anaendeleaje. Neno langu la kwanza lilikuwa, "Umeuza bei gani?"

Mama aliyekuwa anauguza kitanda cha pili akageukia ukutani, kwa kunionea haya mimi. Daktari alipokuja akasema ni homa ya uti wa mgongo, na akauliza kwa nini tumechelewa kumleta. Minza akanitazama, akaniachia mimi nijibu. Nikasema mvua.

Kabula alipona, tukamshukuru Mungu, tukarudi naye nyumbani. Nilidhani yameisha. Siku moja nikarudi shambani nikamwita kutoka mbali kama zamani. Alikuwa amekaa ameupa mlango mgongo, anachora chini kwa kijiti. Nikaita tena, nikaita nikiwa nyuma yake kabisa. Akaendelea kuchora. Minza alikuwa pembeni anatwanga, akasema bila kuniangalia, "Hasikii. Nimejua tangu hospitali."

Tulimrudisha kwa daktari, tukaambiwa masikio yamekufa. Nilimuuliza kama tungewahi ingekuwaje. Akasema hawezi kuapa, lakini kuwahi kungemsaidia. Na mimi nilidhani mtoto asiyesikia atabaki na maneno aliyokwisha kuyajua. Hapana. Yalianza kupungua, moja moja, ya mbuzi, ya ndoto, na la mwisho kuondoka lilikuwa "mama". Wakati huo huku kwetu hapakuwa na shule ya watoto kama yeye, na pesa za kumpeleka mbali sikuwa nazo. Nilikuwa na pesa za deni.

Maana deni nililipa, usidhani sikulipa. Bei ilipanda kama nilivyosema. Nikauza kihenge kizima, pengo la gunia lile nikaliziba kwa mpunga wa chakula, sisi tukawa tunakula muhogo wa kuomba. Masika hayajaisha nikaenda Kakese na hela yote mfukoni. Utashangaa, hata baada ya yote yale nilikuwa bado natamani wale wazee wawepo wanione.

Hawakuwepo. Alikuwa Mzee Luhende peke yake, anakamua. Nikamkabidhi hela, akapokea, maana deni ni deni, akaziweka mfukoni bila kuhesabu. Halafu akasema amesikia mtoto wangu aliumwa. Nikamweleza. Sikutaka kueleza yote, lakini alikuwa anauliza taratibu, na kila akiuliza nilijikuta namalizia. Nilipomwambia kihenge nilikipa jina lake, akaiweka chini kata ya maziwa.

"Jina langu?" akauliza. "Mke wako anaomba mtoto apelekwe hospitali, na wewe unamjibu kwa jina langu?"

Nikaitazama ile kata.

"Nilikupa mavuno mawili kwa sababu najua watu wanaugua. Ungenitumia hata mtoto mdogo aje aniambie, ningesubiri mwaka wa tatu. Ningekupa na ndama umuuze. Sasa umenilipa nisichokudai, kijana, na mimi sina pa kukirudishia."

Akaniambia niende nyumbani. Maziwa hakunipa, na kwetu mgeni kuondoka kwenye zizi la mzee kama yule bila maziwa si jambo dogo. Nililia njia nzima. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Ya kwangu yamekaa nami yakazeeka.

Kabula sasa ni mama wa watoto, unamfahamu, anauza nyanya sokoni na hakuna wa kumpunja. Wanawe huzungumza naye kwa mikono, haraka haraka, wanacheka, na mimi nakaa pale kama mgeni kwa sababu mikono yangu ilichelewa kujifunza. Habari hii wewe nimekusimulia kwa dakika chache. Yeye mwenyewe sijui nitamsimuliaje.

Na Minza hakuniacha. Wazee wa kwao walimwambia anaweza kurudi, akasema atakaa. Alinipikia, alinizalia wengine, nikiumwa ananiuguza. Ila tangu siku ile ya kihenge mpaka leo hajawahi kuniomba hela. Chumvi akiishiwa, anakwenda kulima kibarua kwa watu. Nguo ikichanika, anashona. Nikimpa mwenyewe anapokea, anasema asante, anaiweka. Kuniomba, hapana.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Lipa deni lako, mdaiwa hana usingizi wala heshima, hilo sikukatazi. Weka malengo, na ujinyime, lakini ujinyime wewe kwanza kabla hujawanyima wenzako. Ukishika mapato ya pikipiki, kabla hujatenga ya mwenye mkopo, tenga ya chakula, tenga na ya ugonjwa, hata kama ni kidogo cha kuchekesha, na hiyo ya ugonjwa isiguswe kwa kulipia deni hata kama tarehe imefika. Kaa na mkeo mpange pamoja, na akikuuliza hiki umekiweka wapi, usimjibu kama nilivyojibu mimi. Kupanga ni kuchagua, na mwenye kuchagua peke yake huchagua sifa. Ukiona mwezi umekwenda vibaya, usijifiche. Mfuate anayekudai mapema, kabla hajakufuata, umwambie ukweli na umpe ulichonacho. Anaweza kukusogezea muda, anaweza kukufokea. Akikufokea utaumia siku moja. Na usiape mbele za watu. Watu husahau kiapo chako kabla pombe haijaisha, na wa nyumbani kwako ndio watakaokilipa miaka.

Nenda sasa, wateja watakutafuta. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akulinde na barabara, akujalie anayekudai awe na moyo wa kusubiri. Watoto wako wakue wakiwa wazima. Na mkeo akipata shida, Mungu ajalie awe bado anakuomba.