Mguu wa Askari Aliyetega Mabomu Nyangezi

BUKAVU, Septemba 2002. Saa moja asubuhi, ukungu bado umeganda juu ya mabati ya mtaa wa Kadutu. Godelive amepiga magoti mbele ya mwanamume aliyeketi kwenye benchi, anapapasa kigutu chake chini ya goti.

"Iko inauma hapa?"

"Kidogo, maman."

Anarudi mezani, anachukua tupa, anakwangua mbao kidogo, kisha anamjaribisha tena.

Godelive, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, hutengeneza miguu ya bandia katika karakana ndogo ya kanisa. Kabla ya vita alishona viatu. Sasa yeye na wenzake wawili hutoa kama miguu mitano kwa mwezi, na wanaosubiri hawapungui thelathini.

Tangu Agosti 1998, majeshi ya nchi kadhaa yameingia Kongo, mengine kwa mwaliko wa Kinshasa, mengine bega kwa bega na waasi. Yamekuja na ndege, mizinga na mabomu ya kufukia ardhini, yaliyoundwa katika nchi ambazo wakulima wa Kivu hawajawahi kuzisikia. Kambi huhama. Mabomu hubaki.

Moja lilimpata kaka yake, Barthélemy, mwaka juzi, akienda kuchimba mihogo kijijini kwao Nyangezi.

"Mguu yake nilitengeneza mimi mwenyewe," Godelive anasema. "Nilikuwa napima huku nalia."

Januari mwaka huu aliletwa karakanani askari wa nchi jirani, kijana ambaye ameomba jina lake lisiandikwe. Alikuwa amekanyaga bomu la maadui zake upande wa Shabunda. Siku moja Barthélemy alikuja kubadilishiwa mkanda, wakaketi benchi moja, wakaonyeshana vigutu.

"Wewe ulikanyagia wapi?" askari aliuliza.

"Nyangezi. Njia ya shamba, chini ya mikaratusi, pale kulikuwaka kambi ya askari."

Askari akasema bila kuinua uso: "Yale tulitega sisi. Mimi nilikuwamo."

Godelive alikuwa ameushika mguu wa bandia wa kijana huyo, umebaki kufungwa mikanda tu. Aliuweka mezani, akatoka nje.

"Nilitaka niutupe mu moto," anakumbuka. "Halafu nikawaza mama yetu, anapitaka kule kila siku. Nikajiuliza, huyu mutoto wa watu bila mguu atatuonyesha ile mabomu namna gani?"

Akaingia ndani, akafunga mikanda.

Kijana alikubali, na alipoweza kutembea walipanda lori wote watatu hadi Nyangezi. Askari alivaa nguo za kiraia. Hakutoka njiani hata hatua moja; alinyoosha fimbo yake tu: pale, pale karibu na kisiki, na kule juu. Barthélemy alichomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu kando ya njia.

Nyumbani, mama yao hakumsalimu mgeni. Lakini alipomwona anaegemea fimbo yake, alimletea kiti.

Mwezi Mei wategua mabomu walifika, wakatoa saba. Mengine mawili askari hakuweza kukumbuka yalipo, kwa hiyo shamba la chini bado halilimwi.

Je, Barthélemy amemsamehe?

"Bado," anajibu, akisugua goti lake. "Lakini siku ile tulirudi naye. Hatukumuacha kule."

Mikataba ya amani imetiwa saini, na majeshi ya kigeni yameanza kufunga mizigo. Kila Jumamosi Godelive husimama kwenye lango la kambi yao na kuwaomba askari waje vijijini waonyeshe walikotega. Wengi humfukuza. Wawili wamekubali, mmoja kwa njia ya Mudaka, mwingine kwa shamba moja huko Sange, na anatafuta lori la kuwapeleka kabla ya mwisho wa mwezi.

"Kwenda, waende," anasema, akijifunga kitenge vizuri kiunoni. "Lakini waonyeshe kwanza. Wakiisha kuvuka mupaka, mama zetu wataulizaka nani?"