Yai Kikombeni Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu mayai ya wodi nzima. Ilikuwa katika hospitali moja ya Kilifi. Nilitoka nyumbani Takaungu alfajiri, shati limepigwa pasi, nikiamini kwamba najua kupika. Mpishi Mkuu alinipa trei mbili za mayai na beseni moja. Nikayavunja humo humo besenini, moja baada ya jingine, kwa haraka ili anione hodari. Yai la pili kutoka mwisho lilikuwa viza, na harufu yake ilijaza jiko kabla sijatupa ganda.

Mpishi Mkuu alilitazama beseni, kisha akanitazama mimi.

"Kwenu Takaungu mwavunjia wapi mayai?"

"Besenini, mzee."

"Hapa twavunjia kikombeni. Moja. Ukiliona zima, limimine. Kisha jingine. Sasa wagonjwa watakunywa uji mtupu, nami nitawaambia ni kwa ajili yako."

Aliwaambia kweli. Nilipopita wodini na ndoo ya uji, mgonjwa mmoja alimgusa mwenzake, akauliza, "Ndiye huyu?"

Nilifanya kazi chini ya Mpishi Mkuu huyo miaka mingi, na sheria ya kikombe ikawa yangu. Shule niliiacha mapema, lakini Muuguzi Mkuu alipokuwa akisafisha kabati lake alinipa kitabu chakavu cha lishe. Nilikisoma ukurasa mmoja kila alasiri, kamusi ikiwa pembeni. Kila nilichokisoma nilikipima kivyake, kama yai, kabla ya kukichanganya na nilichokuwa nikikijua.

Kitabu hicho ndicho kilichonifundisha thamani ya chakula nilichokuwa nikikipika bila kukielewa: kimanda cha mayai, nyama ya kusaga na mchicha. Yai lina protini kamili, yaani ile inayojenga mwili bila kuhitaji kusaidiwa. Nyama ina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Mchicha nao una chuma, ila chuma cha majani ni kigumu kufyonzwa tumboni. Kikiliwa pamoja na nyama hufyonzwa vizuri zaidi, na ukikamulia ndimu, vizuri zaidi tena. Mafuta ya kiini cha yai huusaidia mwili kupokea vitamini A ya majani. Mchicha huoshwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa ukikatwa kwanza faida yake huenda na maji. Na kimanda kiive pande zote mbili, kisibaki na ute.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya kilicho bara ya Malindi. Kilikuwa na wodi ndogo ya wajawazito waliotoka mbali, wakisubiri kujifungua. Msimamizi wa kituo, mama mkali mwenye maneno machache, alinipeleka kitandani kwa msichana aitwaye Kadzo. Mimba ilikuwa yake ya kwanza. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga.

"Damu yake ni chache," Msimamizi aliniambia tulipotoka nje. "Akitokwa na damu wakati wa kuzaa, hana akiba. Vidonge vya chuma nampa mimi. Chakula ni juu yako. Tuna wiki sita."

Nilianza na yai la kuchemsha kila siku. Siku ya nne, aliyetandika kitanda alikuta mayai manne yamefungwa katika ncha ya leso, chini ya mto. Nilimwuliza Kadzo sababu. Aliyejibu ni mama mkwe wake, aliyekuja kumwuguza. Wodi nzima ilimwita Hawe, yaani bibi.

"Shikamoo, Hawe," nilisema.

"Marahaba. Mayai ni mimi niliyemwambia asile. Mja mzito akila mayai huzaa mtoto kipara. Wewe mwanamume, utayajulia wapi haya?"

Ningeweza kulificha yai ndani ya nyama na mchicha, wasijue. Niliwaza hivyo, kisha nikaona aibu: chakula cha kudanganyia hakimfuati mtu nyumbani kwake. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hawe, kuku wako akiatamia, kifaranga hutoka wapi?"

"Si yaini? Swali gani hilo?"

"Na humo ndani, nani humpelekea chakula?"

"Hakuna. Hula kilichomo."

"Basi hicho kilichomo ndicho kilichompa nyama, mifupa na damu. Na akitoka, anatoka kipara?"

Hawe akaanza kucheka polepole, mpaka mabega yakatikisika. "Manyoya," alisema. "Anatoka na manyoya mwili mzima. Ewe mpishi, una maneno ya hila." Akamgeukia mkwewe. "Kula, mwanangu. Akizaliwa na manyoya tutamrudishia huyu."

Tangu siku hiyo nilimpikia kile kimanda cha nyama na mchicha, naye Kadzo alikila chote. Lakini baada ya wiki mbili, Msimamizi alipompima damu kwa tone la kidole, haikuwa imepanda hata kidogo. Alinionyesha daftari bila kunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Anakula, vidonge anameza, tatizo liko wapi?

Nikarudi kwenye kikombe. Kesho yake asubuhi nilikaa karibu na kitanda, nikatazama kila kitu kilichoingia kinywani mwake, kimoja kimoja. Kimanda kilikuwa kizima. Kidonge kizima. Kisha akavuta kikombe cha chai ya rangi, akamezea kidonge, akashushia kimanda. Chai ile niliipika mimi, nzito, kwa tangawizi, na wodi nzima iliisifu. Nilikuwa nimesoma kwa macho yangu kwamba majani ya chai hukishika chuma kisifyonzwe, lakini sisi wa pwani chai hatuihesabu kuwa chakula, kwa hiyo sikuihesabu. Yai viza lilikuwa langu.

Nilimweleza Msimamizi kosa langu waziwazi, Hawe akisikia: nilisoma, nikapuuza. Kimanda kikahamia mchana, pamoja na ndimu. Vidonge vikamezewa maji. Chai ikasogezwa mbali, saa mbili baada ya chakula. Wodi ilininung'unikia. Hawe ndiye aliyenung'unika kuliko wote: "Umetupatia yai, umetunyang'anya chai."

Wiki tatu baadaye Msimamizi aliingia jikoni mwenyewe, jambo asilolifanya. "Imepanda," alisema, "na imepanda vizuri." Siwezi kusema ni kimanda peke yake, vidonge vilifanya kazi yake, na chakula kilifanya yake, baada ya mimi kuacha kuvizuia. Kadzo alijifungua palepale kituoni. Alitokwa na damu, kama tulivyoogopa, lakini akiba alikuwa nayo. Mtoto alikuwa wa kike, na nywele zake zilifika shingoni. Hawe alimpitisha kitanda hadi kitanda, amefunuliwa kichwa, kila mtu aone.

Sasa nimestaafu, naishi Kibarani. Vijana huniuliza siri ya chakula cha kuongeza damu, nami huwapa kimanda, mchicha na ndimu. Lakini ninalowaomba walishike ni kwamba mtu apime anachosifiwa kama anavyopima anachokishuku. Mimi kosa langu lilikuwa ndani ya kitu nilichosifiwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea Kadzo na Hawe. Hawe amezeeka, ila jiko bado ni lake. Mjukuu alikaa mlangoni akisukwa nywele na mama yake. Nikaona Hawe akivunja yai kikombeni, kama nilivyomwonyesha kituoni, akaliinamia, akalimimina bakulini, akachukua jingine. Alipoandaa chakula nilinyoosha mkono kuelekea birika.

"Iache," alisema bila kugeuka. "Kula kwanza. Chai baadaye. Kwani hukusoma?"