Doto Ndani ya Kabuti

Kabla ya mwaka juzi hakuna mtu pale Nkololo aliyewahi kumwona Jilala amebeba mtoto mchanga. Si kwamba alikuwa mkali au hakuwapenda watoto. Alikuwa mchungaji wa namna ya zamani, ujana wake wote umeishia nyuma ya ng'ombe. Kiangazi alihama nao kufuata majani, akirudi mvua zikishanyesha, na mara nyingi aliwakuta watoto wake wameshazaliwa, wameshaanza kukaa, wanamkodolea macho kama mgeni. Mkewe, Nyanjige, alizoea kusema kwamba mume wake anamjua ndama tangu akiwa tumboni, lakini mtoto wa mtu anamfahamu akishaota meno. Jilala akisikia hivyo hutabasamu tu na kuendelea kusuka kamba yake.

Mwaka huo Joyness, mke wa mtoto wao mkubwa Dastan, alijifungua mapacha kabla ya siku zake, hospitalini Bariadi. Kulwa alikuwa wa kike, Doto wa kiume. Walikuwa wadogo kiasi kwamba Nyanjige alipowaona mara ya kwanza alisahau vigelegele, akatafuta benchi akakaa. Muuguzi mmoja aliyeitwa Lukresia ndiye aliyemtoa hofu. Aliwafundisha yeye na Joyness kuwabeba watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa na kofia, soksi na nepi basi, amefungwa kwa kitenge, kisha nguo ya mbebaji inakuja juu. Joto la mtu, alisema, ndilo linalowakuza watoto wa namna hii. Wakawabeba hivyo wodini mpaka walipoanza kunyonya vizuri na uzito kupanda, wakaruhusiwa kurudi nyumbani kwa masharti kwamba kazi hiyo hiyo iendelee.

Ikaendelea. Joyness alikuwa na Kulwa, Nyanjige alikuwa na Doto. Dastan alikuwa Nyashimo kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa mavuno, alikuja nyumbani kwa kuibia. Jilala alikuwa na ng'ombe wake.

Halafu baridi ikaja kabla ya wakati wake.

Watu wa huku baridi tunaijua, ile ya asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, inayoondoka jua likishapanda. Hii ilikuja mwezi wa tano, pamba ikiwa ndiyo kwanza inapasuka. Ilianza na mvua ya mawe mchana mmoja. Mawe yalipiga mabati mpaka watu wakawa hawasikilizani ndani ya nyumba, na yalipokoma, uwanja ulikuwa mweupe. Chini ya ua wa minyaa yalikaa bila kuyeyuka mpaka jua linazama. Baada ya hapo upepo ukageuka, ukawa unatoka kusini, na mawingu yakakaa chini siku nzima. Redio ilisema huko nyanda za juu umande umeganda juu ya majani ya viazi. Watu walitoka nje wamejifunika mablanketi, na kuku hawakutaka kushuka darini.

Nyanjige akaanza kukohoa. Siku ya pili akapanda homa. Zahanati walimpa dawa na kumwambia asiwasogelee watoto kabisa mpaka apone, kwa hiyo akajifungia chumbani kwake na Doto akarudi kwa mama yake.

Joyness alijaribu kuwabeba wote wawili. Akimtengeneza mmoja, mwingine anateleza. Akimnyonyesha mmoja, mwingine anapigwa na upepo. Alikuwa hajalala. Kufikia saa nne asubuhi miguu ya Doto ilikuwa baridi na alikuwa ananyonya kwa uvivu, anaacha. Joyness akampigia simu Lukresia.

Muuguzi aliuliza kama kuna mtu mzima mwingine mwenye afya hapo nyumbani. Joyness alitazama nje, upande wa zizi.

"Yupo baba mkwe," alisema.

"Basi mpe yeye."

"Dada, nimesema ni baba mkwe wangu."

"Nimekusikia," Lukresia alijibu. "Kifua chake kina joto?"

Asiyejua mambo ya kwetu atashangaa shida ilikuwa wapi. Tangu aolewe, Joyness alikuwa hajawahi kumpa mkono Jilala, wala kula naye, wala kukaa naye chumba kimoja. Wakikutana njiani yeye hupisha pembeni, anachuchumaa, anaamkia akiangalia chini, na mzee anaitikia akiwa ameshapita. Hivyo ndivyo heshima ilivyo. Sasa anaambiwa amwombe mzee huyo avue shati.

Alikwenda mlangoni kwa Nyanjige, akasimama nje, akaeleza. Nyanjige alicheka mpaka kikohozi kikambana. Kilipomwachia, alimwita mumewe kutoka zizini kwa sauti yote aliyobakiwa nayo.

"Baba Dastan, nenda kaoge. Maji ya moto yapo jikoni."

Jilala alipoelezwa sababu aliangalia mikono yake. Akasema ina magaga. Nyanjige akajibu kwamba mtoto habebwi kwa mikono, anabebwa kwa kifua. Mzee akaenda kuoga.

Joyness alikuwa ameshafunga kitenge kikubwa katikati ya chumba, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Yeye alikaa upande mmoja na Kulwa, Jilala akakaa upande wa pili kwenye kigoda, kifua wazi, nywele za kifua zikiwa nyeupe. Mikono ya Joyness ikapita pembeni mwa kitenge ikiwa imembeba Doto. Mikono ya Jilala ikampokea.

"Nimemshika," alisema. Ukiacha salamu, hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia mkwe wake.

Joyness alimwelekeza akiwa nyuma ya pazia, jinsi ya kumsimamisha mtoto wima, kukunja miguu yake kama ya chura, kumgeuza uso pembeni apate hewa, na kufunga kitenge cha pili kwa nguvu bila kumbana. Mwisho Jilala akavaa juu yake kabuti lake zito la safari. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko kuku. Miguu yake ilimgusa tumboni, nayo ilikuwa na ubaridi wa pua ya ndama aliyenyeshewa. Jilala alikaa hivyo bila kujigeuza, akiogopa hata kumeza mate. Haikupita muda mrefu, ile miguu ikaanza kupata joto. Kisha Doto akapiga chafya ndogo, akalala. Jilala alimwambia mkewe baadaye kwamba hapo ndipo alipohisi mapigo ya moyo wa mtoto, yanakwenda mbio, na wake ukiyafuata taratibu kwa chini.

Jioni rafiki yake Malimi alikuja kuuliza habari za ndama, maana wake walikuwa wanaugua. Akaamkia, "Mwadeela," akaitikiwa kwa sauti ya chini. Akaona kabuti linachezacheza.

"Una nini humo?"

"Mtu," Jilala alisema.

Malimi alivuta kigoda. Aliomba kuonyeshwa, akafunuliwa kidogo, akaona sikio na ncha ya kofia. Alinyanyuka, akaenda mwenyewe kuwafungia ndama wa Jilala kibandani, akawawashia moto wa mavi makavu, na kesho yake akaleta mzigo wa kuni. Lakini habari alizipeleka mnadani, na huko wakaanza kumwita Jilala mama mkwe. Jina hilo lilipomfikia, alisema watu wamechanganya ukoo, na hakuonyesha kuudhika.

Baridi ilikaa wiki nzima na zaidi. Jilala hakuwa mtu wa maneno, ila aligundua kwamba Doto hutulia akisikia sauti ikinguruma kifuani, kwa hiyo akawa anaongea. Na kwa kuwa hakujua hadithi za watoto, alimweleza habari za ng'ombe, mmoja mmoja, kwa majina na rangi, yupi alizaliwa wapi, yupi alivuka mto uliojaa, yupi alikuwa mjanja wa kuingia shamba la watu. Nyuma ya pazia Joyness alisikiliza akimnyonyesha Kulwa. Siku moja akasikia mzee anamweleza mjukuu kuhusu ng'ombe mmoja mwekundu mwenye doa jeupe begani.

"Huyo ndiye aliyetangulia kwenda kwa kina mama yako, kwenye mahari," Jilala alisema. "Nilikuwa nampenda. Babu yako Ngassa, kaka yangu, akaniambia nitoe mwingine. Nikasema hapana, twende na huyo."

Joyness alikaa na maneno hayo. Miaka mitatu alikuwa ameamini kwamba mzee huyo hakumtaka, kwa vile alivyokuwa akipita bila kumwangalia.

Siku ya sita au ya saba, baada ya chakula cha mchana, Jilala alisimulia, akasimulia, kisha akahisi kifuani kimya kisicho cha kawaida. Alifunua kabuti. Doto alikuwa amelegea, midomo imepauka. Mzee alimsugua mgongo kwa vidole viwili, chini juu, chini juu, akaita.

"Mama Kulwa! Njoo!"

Hakungoja. Alisimama, akalivuta pazia, likakatika na kuanguka. Joyness alikuwa ameshafika. Alimpiga mtoto vidole kwenye nyayo kama alivyofundishwa wodini, huku mzee akiendelea kusugua. Doto akavuta pumzi, akalia kwa hasira. Wakabaki wanatazamana, mzee kifua wazi, mama mzazi na blauzi isiyofungwa, na hakuna aliyeinamisha macho.

Walikwenda na bajaji mpaka Bariadi, kila mmoja na mtoto wake kifuani. Lukresia aliwapokea, mtoto akapimwa, akaangaliwa mpaka kesho yake. Aliwaeleza kwamba watoto waliozaliwa mapema husahau kupumua wakati mwingine, na kwamba wamefanya lililotakiwa. Doto alikuwa ameongezeka uzito kuliko dada yake. Jilala aliomba arudie kusema hilo.

Waliporudi nyumbani pazia halikufungwa tena.

Upepo ulitulia, jua likarudi, watu wakaanza kuchuma pamba. Nyanjige alipona na kumtaka Doto wake. Jilala alimtoa, akavaa shati, akaenda zizini. Saa sita alirudi kumuuliza mkewe kama hajachoka. Saa nane akarudi tena. Nyanjige akamrudishia mtoto, naye Dastan alipokuja kutoka Nyashimo ilimbidi aombe zamu.

Mapacha walibatizwa mwezi wa kumi na mbili, kwenye kigango. Jilala si mtu wa kanisa. Mambo yake ya kuomba aliyarithi kwa baba yake na hajayaacha. Siku hiyo alikuja, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, kofia magotini. Maji yalipomgusa Doto kichwani alianza kulia, na hakunyamaza. Dastan alijaribu, msimamizi wa ubatizo akajaribu. Padri alipandisha sauti, Doto naye akapandisha yake.

Joyness akamchukua. Alishuka katikati ya kanisa lote, akapita mabenchi ya wanawake, akapita ya wanaume, mpaka nyuma kabisa. Hakuchuchumaa. Alimnyooshea Jilala mtoto.

"Baba, nisaidie."

Jilala alimpokea mikononi mwake, akamlaza begani, akaanza kunguruma kitu kwa Kisukuma ambacho waliokuwa karibu wanasema kilihusu ng'ombe. Joyness alirudi mbele kumalizia ibada.