Anwani Niliyokipa Kiwanda cha Samaki

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilitoka chuo nikaajiriwa na ofisi ndogo ya intaneti pale Nyamagana, Mwanza. Anwani zetu za intaneti, zile namba zinazoitambulisha kila mashine mtandaoni, zilikuwa chache, nami nilikuwa nimeipa kila kompyuta anwani yake, pamoja na yangu. Kwa anwani hiyo, rafiki yangu wa chuo aliyebaki Dar alinipigia hodi kwenye skrini kila jioni, tukaandikiana. Mwanza sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Kisha kiwanda cha samaki cha Nyakato kikaomba anwani.

“Zimeisha, mzee,” nilimwambia bosi.

Alicheka. “Bwana mdogo, hata printa umeipa anwani! Weka mashine zetu zote nyuma ya ruta, kile kifaa cha kuziunganisha na mtandao, zitokee mlango mmoja, kwa anwani moja.”

Nikafanya hivyo, yangu ikiwemo, na anwani moja iliyoachwa nikakipa kiwanda. Ruta ilimrudishia majibu kila aliyeuliza kutoka ndani, lakini mgeni wa nje aliyekuja bila kuitwa haikumpitisha. Niliweza kumwendea rafiki yangu. Yeye hakuweza tena kunijia.

Jioni ile sikumwita. Nilitaka kujua kama angenitafuta, huku nikijua kwamba hata akinitafuta, skrini yangu haitanionyesha hodi yake.